Wa Kwanza Kwenye Jedwali

Jumatatu asubuhi Bi Saa alipima mara moja, akacheka. Alipima tena, akaacha kucheka. Kufika Jumatano alikuwa amepima mara kumi na saba, na kila mara kompyuta ilimpa jibu lile lile la kipuuzi: kati ya njia nne za kusoma na kulinganisha safu, njia ya Mzee Penseli ndiyo iliyoshika mkia.

Wazazi wake hawakumwita Bi Saa, hilo lieleweke. Ni jina alilobandikwa ofisini kwa ugonjwa wake wa kupima muda wa kila kitu. Alijua lifti inachukua sekunde ngapi, birika linachemka baada ya dakika ngapi, na meneja anazungumza kwa muda gani kabla ya kufika kwenye hoja. Hili la mwisho aliliandika kwenye kidaftari, akakificha. Kwa hiyo kazi ya kupima ilipotokea, hakuna aliyehangaika kumtafuta mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi yao ilitunza orodha za ghala kubwa la dawa. Ghala hilo lilikuwa na vishubaka milioni mbili, na kila kishubaka kilikuwa na namba ya boksi lililomo, au sifuri kama ni kitupu. Kila alfajiri ghala lilileta namba zote hizo zimepangwa foleni moja, kishubaka baada ya kishubaka, na foleni ya namba ya namna hiyo ndiyo waandishi wa programu huiita safu. Programu ilitakiwa kusoma safu ya jana na ya leo, kuziweka bega kwa bega, na kusema zimetofautiana wapi, maana hapo ndipo boksi limetoka au limeingia. Basi, ni hayo tu. Ungedhani ni kazi ya kitoto, lakini ghala lilikuwa limekua, programu imeanza kuchelewa, na wenye dawa yao walikuwa wanalalamika.

Meneja akaitisha kikao. "Tuna njia nne," alisema. "Bi Saa atazipima zote. Ijumaa saa sita mchana nataka jedwali mezani kwangu. Ya kwanza tunaichukua. Ya mwisho tunaifuta, na mwenyewe anakwenda kusaidia chumba cha makabati."

Chumba cha makabati kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na kazi yake ilikuwa kubandika lebo kwenye mafaili ambayo hakuna anayeyasoma. Aliyepelekwa huko hakurudi tena kuandika programu. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alitazama viatu vyake.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Mzee Penseli, mkongwe wa ofisi, aliyeziandika programu zake kwanza kwa penseli kwenye karatasi, akafuta, akaandika tena, ndipo akagusa kompyuta. Hata kwenye harusi ya Bi Saa alikuja na penseli sikioni. Ndiye aliyempokea Bi Saa miaka sita iliyopita, alipokuja na vyeti vingi na ujuzi kiduchu, akamfundisha kazi bila kumwaibisha mbele za watu. Njia yake ilikuwa mistari kumi na miwili: chukua namba ya jana, chukua ya leo, linganisha, songa mbele. Njia ya pili ilikuwa ya meneja mwenyewe, ya enzi za ujana wake. Iligeuza kila namba kuwa maandishi, ikayaunganisha maandishi hayo yakawa mstari mmoja mrefu ajabu, kisha ikaanza kulinganisha herufi kwa herufi. Ya tatu ilikuwa ya dada wa meza ya dirishani, waliyemwita Pilipili kwa ajili ya ulimi wake. Hiyo iliminya namba za vishubaka vya rafu nzima zikawa namba moja, na kulinganisha kwanza namba hizo. Ya nne haikuwa ya mtu. Ilikuwa amri iliyokuja tayari ndani ya lugha ya kompyuta.

Sasa hebu niambie. Watu wawili wametumwa chumvi dukani. Mmoja amenyoosha njia, mwingine amepitia kwanza kwa shangazi yake, akakaribishwa, akakaa, akaulizwa habari za nyumbani. Halafu huyu wa kwa shangazi ndiye anayefika mapema. Ungekubali? Jedwali la Bi Saa lilisema Mzee Penseli ametumia milisekunde mia sita na arobaini, yaani zaidi ya nusu sekunde, na meneja na maandishi yake yote ametumia mia tatu tisini na tano. Pilipili alitumia hamsini, na ile amri isiyo na mwenyewe ilitumia tisa.

Bi Saa aliisoma mistari kumi na miwili ya mzee mpaka akaikariri. Hakuona kosa. Aliifuata kwa kidole, kisha kwa kalamu, kisha akaisoma kuanzia chini kwenda juu kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Haikuwa na kona wala tundu. Alishika tama, akaachia, akashika tena.

Na si kwamba alipima ovyo ovyo. Alikuwa na safu za siku arobaini, kila jozi mpya, na kwa kila jozi alizipitisha njia zote nne kwa mpangilio ule ule. Kabla ya kila jozi alizima kompyuta na kuiwasha upya, ili isibakie na kumbukumbu ya jambo lolote. Mpangilio wenyewe hakuufikiria hata kidogo. Mkono ulipanga wenyewe, kama unavyopanga viti sebuleni wageni wakija, mkubwa kwanza: mzee, halafu meneja, halafu Pilipili, na ile amri isiyo na umri wala ukoo ikaja mwisho, na ndivyo majina yalivyofuatana kwenye jedwali.

"Kubali tu," Pilipili alimwambia huku akimenya chungwa. "Mzee kachoka, na programu yake imechoka."

"Programu haichoki, dada. Si mguu."

"Basi kompyuta inamchukia. Wewe andika ulichokiona, tule mchana."

Bi Saa hakula mchana. Alichukua jedwali akaenda nalo kwa mzee, roho ikimwuma, maana alitaka alisikie kwake kwanza kabla hajalisikia kwa meneja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Akampa karatasi. Mzee Penseli alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. Bi Saa, kwa mazoea, alihesabu: sekunde hamsini na moja. Kidole chake hakikwenda kwenye namba. Kilikwenda juu, kwenye mstari wa kwanza, kikalipita jina lake taratibu, kikarudi, kikalipita tena. Kisha akafanya jambo lililomchanganya Bi Saa kuliko namba zote za wiki ile. Alitabasamu.

"Jedwali zuri," alisema. "Safi sana."

"Mzee, umeiona mia sita na arobaini?"

"Nimeiona."

"Na huoni kama kuna kitu hakiko sawa? Hebu nisaidie, mimi kichwa kimesimama."

Mzee aliitoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akairudisha. "Endelea kupima, binti," alisema. "Kupima ni kazi yako."

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi Bi Saa alipima jozi ya kwanza, akapigiwa simu katikati, na aliporudi akaipima njia ya mzee kwa jozi ile ile bila kuizima kompyuta. Jibu likaja: milisekunde kumi na mbili. Si mia sita na arobaini. Kumi na mbili! Alitumbua macho kwenye kioo. Kwa dakika nzima alifurahi, kisha akajishuku. Namba ndogo hivyo inatoka wapi? Lazima programu ilikuwa haijasoma kitu. Lazima yeye ndiye aliyekosea, si alisahau kuizima? Akaifuta ile kumi na mbili, akazima, akawasha, akapima kwa utaratibu. Mia sita na arobaini. Alitaka kuipiga kompyuta kofi.

Jioni, akitoka, alimwona Mzee Penseli akipanga vitu vyake kwenye katoni: kikombe chake, kichongeo, picha ya mkewe, na penseli tisa zilizofungwa kwa mpira. Wala hakuwa na haraka.

"Mzee, bado hawajasema."

"Nazoea tu kunyanyua," alisema, wakacheka wote wawili, na Bi Saa alilia njia nzima kwenda nyumbani. Alikuwa anamfukuza mwalimu wake kwa mikono yake mwenyewe, na hata hakuelewa kwa nini.

Ijumaa ilianza kwa zogo la bafuni. Kwa Bi Saa aliishi mama mkwe wake, aliyehamia mwaka juzi baada ya kuumwa miguu, na tangu siku ile ya kwanza Bi Saa hakuwahi kuingia bafuni kabla yake. Mama anaoga kwanza, hilo halikuwa na mjadala. Lakini asubuhi ile mama mkwe alikuwa amebanwa na simu ya dada yake.

"Tangulia, mwanangu," alisema akiziba simu kwa kiganja. "Huyu ndiyo kwanza ameanza."

"Hapana mama, nakusubiri."

"Utachelewa kazini. Nenda bwana!"

Akaenda. Akafungua maji, akasimama chini yake, na kilio alichotoa kilimfanya hata dada wa kwenye simu aulize kuna nini. Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Alijikaza kisabuni, akaoga nusunusu, akatoka amejifunga taulo, meno yakigongana.

"Hita imekufa!" alitangaza. "Mama, usiingie, hita imekufa."

Mama mkwe alikuwa ameshaingia. Dakika zikapita. Kutoka bafuni kukasikika wimbo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Alipotoka, uso uling'aa na mvuke ulimfuata hadi ukumbini.

"Mungu awabariki, wanangu," alisema. "Mmeitengeneza lini?"

"Tumetengeneza nini, mama?"

"Hita. Leo maji ya moto mpaka magoti yamelegea."

"Mama, hita imekufa. Mimi nimeganda humo sasa hivi."

"Imekufa vipi, na mimi nimetoka nafuka? Leo ndiyo imepona! Siku zote ndiyo ilikuwa imekufa."

"Siku zote mimi naungua, mama. Huwa naongeza ya baridi."

"Na mimi siku zote natetemeka. Nilidhani ndivyo mlivyo humu, mnaoga baridi mpate nguvu. Nikasema nisiwe mtu wa makuu."

Wakatazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake amechanganyikiwa, na kila mmoja alimwonea huruma. Mume wa Bi Saa alikuwa kwenye sinki, mswaki mdomoni, na ndiye aliyewaamua.

"Hakuna kilichokufa wala kilichopona," alisema kwa povu. "Hita iko jikoni huko, bafu liko huku. Maji yaliyolala kwenye bomba ni baridi. Anayeingia kwanza anayamwaga yeye, wa pili anakuta ya moto." Akatema. "Nilidhani mnajua."

Bi Saa aliona aibu ya kutosha kujaza nyumba. Mwaka juzi, mwaka jana, mwaka huu. Kila asubuhi amemwinamia mama wa watu, "karibu mama, tangulia mama," na kumsukumia kwenye maji ya baridi. Alitaka kuomba radhi, na alikuwa ameshafungua mdomo, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Wa kwanza," alisema.

"Nini?"

"Nimemweka wa kwanza."

Hakunywa chai. Alivaa viatu akitembea. Ofisini hakusalimia mtu, na ofisi nzima ilijua kuna jambo, maana Bi Saa asiposalimia ujue kuna moto.

Safu hukaa kwenye diski, na diski ni mbali na nzito kufika. Anayeitaka safu kwa mara ya kwanza ndiye anayeifuata huko, anaisubiri, anaibeba. Lakini kompyuta ikishaibeba safu hiyo hujiwekea nakala karibu, kwenye kumbukumbu, na anayekuja baadaye kuitaka hupewa papo hapo. Katika kila jozi, kwa siku arobaini zote, Mzee Penseli ndiye aliyefuata safu kwenye diski, na wenzake watatu wakaikuta mlangoni. Na kila Bi Saa alipozima na kuwasha kwa ajili ya usafi, aliifutia kompyuta nakala zake ili mzee aende upya.

Alianza kwa kumjaribu meneja. Alimweka yeye mbele, mzee nyuma yake. Meneja: elfu moja na ishirini na tatu. Mzee: kumi na mbili. Ile kumi na mbili aliyoifuta jana! Bi Saa alicheka kwa sauti, kisha akatazama saa ya ukutani. Saa nne na robo.

Safari hii alipima kiungwana. Kila jozi aliisoma mara moja bure, bila kuhesabu, ili hakuna anayebebeshwa mzigo wa wenzake. Kisha akaandika njia nne kwenye vikaratasi, akavikunja, akamwita Pilipili avute mpangilio wa kila jozi.

"Hii ni kazi au bahati nasibu?" Pilipili aliuliza.

"Vuta tu, dada."

Akavuta mara arobaini, akilalamika mara arobaini. Saa sita kasoro dakika mbili jedwali jipya lilitoka kwenye mashine ya kuchapa. Juu kabisa amri isiyo na mwenyewe, milisekunde tisa. Mzee Penseli, kumi na mbili. Pilipili, hamsini. Meneja, mia tatu tisini na tano.

Kikaoni meneja alilisoma kuanzia juu, akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofika chini. Hapo aliacha kuitikia. Akasafisha koo. Akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Kipimo hiki kina uhakika?"

"Kina uhakika kuliko kile cha jana, bosi. Cha jana kilikuwa na kosa langu." Akaeleza, na hakujipendelea.

"Chumba cha makabati nasikia kina kiti kizuri," alisema Pilipili kwa upole wa kutisha.

"Lile la makabati," meneja alisema, "nililisema kwa mfano tu." Akakunja karatasi mara nne na kuahirisha kikao. Makabati hayakutajwa tena.

Bi Saa alimkuta Mzee Penseli mezani pake. Katoni ilikuwa bado imefungwa, na penseli pekee iliyobaki nje ilikuwa ile ya sikioni. Akamweleza yote kwa pumzi moja: diski, kumbukumbu, bomba, mama mkwe. Mzee alisikiliza bila kushangaa hata kidogo, na hapo ndipo Bi Saa alipopunguza mwendo wa maneno, akamtazama.

"Mzee, ulikuwa unajua."

"Nilijua Jumatano, uliponiletea karatasi. Anayetangulia ndiye anayekwenda hadi kwenye diski. Si mimi niliyekufundisha hayo?"

"Ulinifundisha, nikasahau. Lakini wewe mbona ulinyamaza?" Sauti ilimpanda bila kutaka, maana alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mapenzi. "Ungekwenda makabatini, mzee wangu! Nimekosa usingizi siku nne!"

Mzee alichezea kifuniko cha katoni.

"Miaka kumi na tisa niko chumba hiki," alisema. "Orodha ya simu, mimi wa mwisho. Orodha ya likizo, wa mwisho. Walipoandika kadi ya kumpongeza meneja, jina langu walilibana pembeni huko, kwa herufi ndogo. Sisemi kwa ubaya, ndivyo inavyotokea. Halafu unakuja wewe na karatasi, natazama, nipo juu kabisa. Na najua umeniweka bila kufikiri, maana ungefikiri usingekosea." Akavua miwani. "Nikasema acha nikae pale mpaka kesho. Kesho ilipofika nikaona haya. Ningekwambiaje, binti? Niondoe uliponiweka?"

Bi Saa aliifungua katoni, akatoa kikombe. Alikata mpira wa zile penseli tisa kwa meno, akaanza kuzirudisha moja moja kwenye kikombe chake, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Sasa niko wa ngapi?" mzee aliuliza.

"Wa pili. Umepitwa kwa milisekunde tatu, na aliyekupita si mtu."

"Si haba." Alimtazama akipanga penseli. "Na lile la zamani, umelitupa?"

Lilikuwa kwenye pipa la karatasi chini ya meza ya Bi Saa, limefinyangwa. Alikwenda akainama, akalitoa, akarudi nalo. Mzee Penseli alilinyoosha kwa kiganja, pole pole, kona kwa kona. Kisha aliinua kioo cha meza yake, akaliingiza chini yake, jina lake juu kabisa na ile mia sita na arobaini pembeni, akakishusha kioo na kuvuta kiti kuanza kazi.